Sakafu za Mbao za Ghorofani: Urithi wa Majengo Yetu na Wajibu wa Kuyatunza

Utangulizi

Vitabu vya kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika hueleza kwanza habari za watu: wainjilisti waliotembea kwa miguu toka kijiji hadi kijiji, akina mama waliobeba mawe na maji ya ujenzi vichwani, wachungaji, walimu na wanakwaya. Ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, watu hao waliishi na kufanya kazi ndani ya nyumba, na baadhi ya nyumba hizo zingali zimesimama hata leo. Makala hii inahusu sehemu moja tu ya nyumba hizo, nayo ni sakafu ya mbao ya ghorofani.

Wengi wetu tunaifahamu sakafu hiyo kwa sauti yake. Mtu akipita juu, aliyeketi chini huhesabu hatua zake moja baada ya nyingine. Vikombe hugongana kabatini, taa inayoning'inia hutikisika, na vumbi hudondoka toka darini. Katikati ya chumba sakafu hunesa, yaani hushuka kidogo chini ya mguu na kupanda tena. Wageni huogopa, wenyeji wamekwisha kuzoea. Lakini kuzoea jambo si sawa na kulifahamu.

Jambo hili si dogo. Kamati ya majengo inapokutana kuzungumzia nyumba ya namna hii, mara nyingi hutolewa maoni mawili. La kwanza ni kwamba mbao zote ziondolewe, kisha imwagwe zege. La pili ni kwamba apatikane fundi wa kupigilia misumari mingine, fedha ikipatikana tutaona baadaye. Maoni yote mawili yana kasoro moja: hutolewa kabla mtu yeyote hajatazama chini ya mbao. Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba sakafu inayonesa na kulia ina historia inayoeleza ugonjwa wake, na kwamba anayeijua historia hiyo anaweza kuiponya kwa gharama ndogo, na pengine akaokoa nyumba nzima.

Kutoka mushonge hadi nyumba ya ghorofa

Nyumba ya asili ya Mhaya, mushonge, haikuwa na ghorofa. Ilikuwa nyumba ya mviringo, iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Sakafu yake ilikuwa ardhi yenyewe, iliyotandikwa nyasi ambazo zilibadilishwa zilipochakaa. Sakafu ya namna hiyo hailii wala hainesi, na mjenzi wake hakuwa na sababu ya kupima urefu wa boriti kutoka ukuta hadi ukuta.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha serikali ya Kijerumani huko Bukoba. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na tangu hapo mizigo iliyotoka Mombasa iliweza kuletwa kwa reli na kisha kwa meli ya ziwani. Mabati, misumari na saruji, vitu ambavyo awali vilibebwa vichwani kwa safari ya miezi, sasa vilishushwa katika ufuko wa Bukoba. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walianza kazi Buhaya, ambako tayari walikuwapo Wahaya waliokuwa wameipokea imani ya Kiprotestanti kwa njia ya Uganda.

Wamisionari hao walikuja na mawazo ya ujenzi ya kwao. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, nyumba ya kawaida ya familia ilikuwa na sakafu ya mbao iliyobebwa na boriti zilizopasuliwa kwa msumeno, na nafasi ya chini ya paa ilitumika kuhifadhia vitu au kulala. Wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia nao walijenga mjini nyumba zenye duka chini na makazi juu. Baadaye kahawa ilipoleta fedha, hasa katika miaka iliyofuata kuandikishwa kwa Chama cha Ushirika cha Bukoba, BNCU, mwaka 1950, familia zenye uwezo nazo zilianza kujenga kwa matofali ya kuchoma na mabati, na chache ziliongeza ghorofa. Kwa hiyo sakafu ya mbao ya ghorofani ilifika kwetu kupitia milango kadhaa, na kila mlango ulileta fundi wake na kipimo chake.

Inafaa kulinganisha na pwani, ambako ujenzi wa ghorofa ni wa kale zaidi. Katika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko ni mgumu, lakini hauwi mrefu sana. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mara nyingi chini ya mita 3. Mti wenyewe ulimwekea mjenzi mpaka. Kwetu Buhaya mpaka huo haukuwapo. Gogo la mvule au la podo liliweza kutoa boriti ya mita 4, 5 au zaidi, na mjenzi aliyetaka chumba kipana alikipata. Kama tutakavyoona, upana huo ndio uliozaa sehemu kubwa ya tatizo letu.

Mbao zilitoka wapi

Kabla ya viwanda vya kupasua mbao, kazi hiyo ilifanywa na watu wawili kwa msumeno mrefu. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine shimoni, na unga wa mbao ukimwangukia machoni. Boriti zilizopasuliwa kwa njia hiyo hutambulika hata leo: alama za msumeno zimesimama wima kidogo na haziko sawasawa, na unene wa boriti moja hutofautiana na wa jirani yake. Tofauti hiyo ya milimita chache ina maana, kwa sababu ubao wa sakafu ukilazwa juu ya boriti zisizo na kimo sawa hubaki ukielea juu ya ile iliyo fupi. Hapo panakuwa na mlio tangu siku ya kwanza.

Miti iliyotumika ilikuwa ya aina nyingi. Msitu wa Minziro, karibu na mpaka wa Uganda, ulijulikana kwa podo, mbao laini yenye nyuzi zilizonyooka. Mvule ulipendwa kwa sababu mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Katika vibanja, katikati ya migomba na kahawa, kulikuwa na mishambya na mihumula. Muhumula ndio mti ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Emin Pasha, Maesopsis eminii. Hukua upesi na kutoa mbao nyepesi, lakini ukiachwa mahali penye unyevu huoza na kuliwa na mchwa upesi vilevile. Katika miongo ya baadaye paina na mikaratusi ya kupandwa ilichukua nafasi kubwa.

Lakini kuliko aina ya mti, lililoamua hatima ya sakafu lilikuwa ukavu wa mbao. Kanuni ya kale ya mafundi ni kwamba mbao ianikwe kivulini karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Ujenzi wa haraka haukungoja. Mbao nyingi zilipigiliwa zikiwa bado mbichi, na mbao mbichi huweza kubeba maji yanayozidi nusu ya uzito wake mkavu. Zikiisha kukauka ndani ya nyumba, kila ubao hupungua upana kwa milimita kadhaa, nafasi hufunguka kati ya ubao na ubao, na tundu la msumari hulegea. Msumari uliokuwa umeshika sasa unacheza. Mlio tunaousikia leo ghorofani, katika nyumba iliyojengwa kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, mara nyingi ni matokeo ya haraka ya siku zile.

Nyumba zilibadilisha wenyewe na matumizi

Historia ya kanisa nayo iliugusa uzito uliowekwa juu ya sakafu hizi. Vita ya Kwanza ya Dunia iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Wakristo wenyeji waliendeleza kazi bila wao hadi waliporudi. Vita ya Pili ikawaondoa tena, na Kanisa la Uswidi likaja kusaidia. Miongoni mwa waliofika alikuwa Bengt Sundkler, aliyefanya kazi Bukoba kuanzia mwaka 1942 hadi 1945. Mwaka 1961 Sundkler alirudi akawa askofu wa kwanza. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kanisa la Buhaya likawa sehemu yake, ambayo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1964 Josiah Kibira akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa dayosisi hiyo.

Pamoja na uongozi, majengo nayo yalikabidhiwa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ya watu watano au sita ilifaa kuwa ofisi, au bweni, au ghala la vitabu, au mahali pa mazoezi ya kwaya. Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima na yalileta manufaa mengi. Ila boriti hazikuambiwa. Kabati moja la vitabu, lenye upana wa mita 1 na rafu tano zilizojaa, huweza kufikia kilo 150 au zaidi, na uzito wote huo husimama juu ya miguu minne. Wanakwaya 40 wenye wastani wa kilo 60 ni kilo 2,400. Tena kwaya haisimami kimya: huenda kwa mwendo mmoja, na miguu 80 inayokanyaga kwa pamoja huisukuma sakafu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa watu waliosimama tu. Chumba kilichokuwa cha kulala watoto hakikukusudiwa kwa kazi hiyo.

Magonjwa mawili, si moja

Kunesa na kulia huonekana kama jambo moja, lakini ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Kulia ni msuguano: ubao unasugua msumari, au ubao unasugua ubao mwenzake, au ubao unagonga boriti ambayo haujaishika. Huudhi masikio, lakini peke yake si hatari. Kunesa ni udhaifu wa boriti zenyewe au wa mahali zinapoegemea. Sakafu inaweza kulia sana ikiwa imara, na inaweza kunesa kwa hatari bila kutoa mlio wowote. Ndiyo maana kupigilia misumari hakuponyi sakafu inayonesa.

Nguvu ya boriti ya kutopinda hutawaliwa na mambo mawili hasa. La kwanza ni urefu kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu ukiongezeka mara mbili, kupinda huongezeka mara kumi na sita kwa uzito uleule katika kila mita. Hata ongezeko dogo lina gharama: boriti ileile katika chumba cha mita 4 hupinda zaidi ya mara tatu kuliko katika chumba cha mita 3. La pili ni kimo cha boriti. Kimo kikiongezeka mara mbili, boriti hukaza mara nane. Upana wake ukiongezeka mara mbili, hukaza mara mbili tu. Boriti ya inchi 2 kwa 6 iliyosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba hukaza mara tisa kuliko ileile iliyolazwa bapa. Fundi aliyelaza boriti zake ili apate nafasi ya dari aliiuza nguvu ya sakafu kwa bei ya chini sana.

Wahandisi wengi hutumia kanuni kwamba sakafu iliyobeba uzito wa kawaida wa nyumbani isipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake. Kwa chumba cha mita 4, hiyo ni kama milimita 11. Tukikokotoa kwa mbao ya ugumu wa kati, boriti za inchi 2 kwa 6 zilizopangwa kila sentimita 50 zinafaa kwa chumba cha mita 3. Katika chumba cha mita 4 zitapinda kama milimita 22, yaani maradufu ya kiasi kinachokubaliwa. Boriti za inchi 2 kwa 8 katika chumba hichohicho hupinda kama milimita 9 tu. Inchi mbili za kimo ndizo tofauti kati ya sakafu tulivu na sakafu inayotikisa vikombe.

Namna ya kuichunguza

Uchunguzi uanze nje, juu ya paa. Mji wa Bukoba hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na bati lililotoboka au mfereji wa paa ulioziba hupeleka maji ndani ya ukuta, mahali pale pale ncha za boriti zilipochomekwa. Kutengeneza sakafu kabla ya kutengeneza paa ni kufuta maji huku bomba likiwa wazi.

Kisha ing'olewe sehemu ya dari ya chini, au mbao mbili tatu za sakafu karibu na ukuta, ili ncha za boriti zionekane. Zichomwe kwa bisibisi au patasi. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza huingilika kama mhogo uliochemka. Njia za udongo za mchwa zitafutwe juu ya ukuta na juu ya boriti. Ziangaliwe pia boriti zilizokatwa na mafundi wa umeme au wa mabomba waliokuja baadaye: mkato mdogo upande wa chini, katikati ya boriti, hupunguza nguvu kuliko tundu kubwa lililotobolewa katikati ya kimo chake.

Kwa kupima mneso, bakuli la maji liwekwe katikati ya chumba, na mtu mmoja ainuke kwa vidole na kujiangusha juu ya visigino vyake hatua mbili kutoka hapo. Maji yakitikisika kidogo na kutulia mara moja, sakafu si mbaya. Yakiendelea kuyumba, boriti zinahitaji msaada. Urefu wa chumba, kimo cha boriti, unene wake na nafasi kati ya boriti na boriti viandikwe. Vipimo hivyo vinne ndivyo vitakavyomwezesha fundi au mhandisi kutoa ushauri wa maana badala ya kukisia.

Namna ya kuirekebisha

Ncha za boriti zilizooza zishughulikiwe kwanza. Kabla ya kukata chochote, vitu vyote viondolewe juu, na boriti zishikiliwe kwa nguzo za muda toka chini. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kufikia mbao nzima, kisha boriti mpya iliyokauka hufungwa ubavuni kwa bolti na kuingizwa ukutani juu ya jiwe au chuma, ikiachiwa nafasi ndogo ya hewa kuzunguka ncha yake. Ukuta ukiwa dhaifu, boriti nene inaweza kulazwa sambamba na ukuta huo na kubebwa na nguzo zenye msingi wake, ili ncha zote ziegemee hapo.

Kama boriti ni nzima lakini nyembamba, ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuzipa pacha: boriti nyingine ya kimo kilekile hufungwa ubavuni kwa gundi na bolti, ikifika kuta zote mbili inapowezekana. Hii huongeza ukakamavu mara mbili. Ikiwa nafasi ya dari inaruhusu pacha mwenye kimo kikubwa zaidi, faida ni kubwa zaidi. Boriti iliyokwisha kulegea katikati iinuliwe kwa jeki taratibu, milimita chache kwa siku, kabla ya kufungwa. Kuiinua kwa mara moja hupasua plasta ya kuta na huweza kuivunja yenyewe.

Njia ya pili ni kuweka boriti ya katikati, iliyopita chini ya boriti zote na kubebwa na nguzo. Urefu ukigawanywa mara mbili, mneso karibu unakwisha. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Lakini nguzo isisimamishwe juu ya sakafu nyembamba ya saruji ya chini. Ichimbiwe msingi wake, la sivyo itadidimia na kuivuta sakafu pamoja nayo.

Njia ya tatu ni kuziba kati ya boriti na boriti kwa vipande vya mbao vya kimo kilekile, mstari mmoja au miwili katikati ya chumba. Vipande hivyo havimzuii mtu mzito kupindisha sakafu, lakini huzifanya boriti zishirikiane, hivyo anapokanyaga moja, jirani zake husaidia. Boriti zilizokuwa zikilala ubavu hubaki zimesimama wima. Kwa sakafu iliyo karibu na kiasi kinachokubaliwa, kazi hii peke yake huweza kutosha.

Baada ya hapo ndipo mlio utafutiwe dawa. Mahali penye nafasi kati ya ubao na boriti, kabari nyembamba yenye gundi isukumwe kwa mkono toka chini. Ikigongwa kwa nguvu huuinua ubao na kuzaa mlio mwingine. Misumari iliyolegea iachwe au iondolewe, na mahali pake ziingie skrubu za mbao, zikiingia ndani ya boriti angalau kwa urefu unaozidi unene wa ubao. Tundu litobolewe kwanza kwa keekee, kwa sababu mbao kavu ya zamani hupasuka. Mbao zinazosuguana zenyewe kwa zenyewe hutulizwa kwa poda au nta ya mshumaa iliyosuguliwa katika ufa. Mbao zinazohitaji kubadilishwa zianikwe ndani ya chumba hichohicho kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na zipigiliwe zikiachiwa nafasi ya kama sentimita 1 kando ya ukuta. Kosa la haraka la siku zile lisirudiwe.

Fundisho la tetemeko la mwaka 2016

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilipasuka au kuanguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, zilizokuwa na majengo ya miaka mingi, ziliharibiwa vibaya. Tangu siku hiyo swali la sakafu za zamani si swali la starehe tena.

Baada ya tetemeko wengi walisema kwamba dawa ni zege. Katika nyumba mpya yenye nguzo na mikanda ya nondo iliyosanifiwa na mhandisi, hilo ni sahihi. Katika nyumba ya zamani yenye kuta za mawe au matofali yaliyounganishwa kwa udongo, inafaa kupiga hesabu kwanza. Zege la unene wa sentimita 15 lina uzito wa kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitabeba zaidi ya tani 7. Sakafu ya mbao ya chumba hichohicho, boriti na mbao zake pamoja, ina uzito wa kama nusu tani. Ardhi inapotikisika, nguvu inayousukuma ukuta huongezeka kwa kadiri ya uzito uliobebwa juu yake. Kumwaga zege juu ya kuta zile ni kuweka tani hizo juu ya vichwa vya watu, zikishikiliwa na udongo.

Sakafu ya mbao nayo ina udhaifu wake wakati wa tetemeko. Boriti zilizochomekwa tu ukutani huchomoka ukuta unapoyumba kwenda nje, na ukuta usio na kitu cha kuushika huanguka. Dawa yake ni mikanda ya chuma bapa, iliyofungwa kwenye boriti kwa bolti na kupenyezwa ukutani hadi upande wa nje, ambako hushikwa kwa bamba. Boriti ikifungwa hivyo, hubeba sakafu na pia huzishika kuta mbili zisiachane. Kazi hiyo hufanyika kwa wepesi wakati uleule ambapo sakafu imefunguliwa kwa matengenezo mengine. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe uko mahali boriti inapokutana na ukuta, na hauonekani mpaka mtu ang'oe ubao.

Iko nyumba isiyofaa kuokolewa. Kuta zikiwa zimeachana pembeni, au zimeinama, au boriti nyingi zimeliwa hadi katikati, si heshima kwa wazee wetu kuwaweka watoto wao chini yake. Uamuzi huo utolewe na mhandisi aliyeona kwa macho, na nyumba ifungwe mara moja, isiendelee kutumiwa huku tukisubiri kikao kingine.

Hitimisho

Waliojenga nyumba hizi hawakuwa wazembe. Walijenga kwa mbao walizopata, kwa vipimo walivyovijua na kwa matumizi waliyoyatarajia, na kazi ya mikono yao imevumilia mvua nyingi na tetemeko moja kubwa. Kasoro zilizobaki zinaeleweka: mbao mbichi, vyumba vipana, boriti fupi za kimo, paa lisilotunzwa, na mizigo iliyoongezwa na sisi tuliokuja baadaye.

Kwa sababu hiyo makala hii inatoa mapendekezo manne kwa wazee wa usharika na kwa familia zenye nyumba za namna hii. Kwanza, kila sakafu ya ghorofani ipimwe na vipimo vyake viandikwe katika daftari la mali za usharika, pamoja na mwaka wa matengenezo na jina la fundi. Pili, paa na mifereji yake vikaguliwe kabla ya mvua za masika na za vuli kila mwaka. Tatu, makabati ya vitabu na ya nyaraka yasimamishwe kando ya kuta zinazopokea ncha za boriti au yashushwe chini, na mazoezi ya kwaya yafanyike sakafu ya chini mpaka ya juu ithibitishwe. Nne, vijana wanaojifunza useremala waitwe kushuhudia siku sakafu inapofunguliwa. Wataona alama za msumeno wa shimoni, watajua podo na mvule kwa macho na kwa harufu, na siku moja watakapoitwa na usharika watajua wapi pa kuanzia: chini ya mbao, kwenye ncha za boriti.